Neno Moja

"Eyo," mume wa Laurentine alijibu, na mdogo wa mume huyo, shemeji ya Laurentine, akapiga makofi.

"Mumesikia? Yaya, mukubwa wangu mwenyewe, amekubali! Mazoezi ya ku hospitali imeisha. Kesho tunamupeleka Kipushi, kwa nabii."

Damu ilimchemka Laurentine. Tangu ajali ya pikipiki iumize ubongo wa mumewe, hilo "eyo" ndilo neno pekee lililomrudia, yaani "ndiyo" yake ya kila kitu. Waliliomba kwa rozari na machozi, na siku lilipotoka nyumba nzima iliimba. Leo mtu analigeuza kuwa ruhusa!

"Papa," akamwuliza mumewe, "huyu mudogo wako njo yeye alikuzala?"

"Eyo."

"Ao yeye iko mbuzi?"

"Eyo."

Makofi yakakoma. Laurentine akachukua mpira wa soksi wanaofanyia mazoezi, akauweka katika kiganja cha kulia, kile kilichopooza.

"Na kesho tunarudia mazoezi?"

"Eyo."

Neno lilikuwa lilelile. Lakini safari hii vidole vilijikunja juu ya soksi, kimoja kimoja, vikaibana mpaka vikatetemeka.

"Sasa njo amejibu, shemeji," Laurentine akasema.