Neno la Mwisho la Kasuku

Zama wanyama walipomtegemea Kasuku kujua maji yalipo, Chiriku mwepesi na Kobe mzito walikariri kila alichosema. Desturi ilikuwa kwamba siku akinyamaza, atakayewahi kupaaza sauti ndiye ataongoza.

Katikati ya ukame, Kasuku akakaukiwa na sauti.

"Nifuateni bwawani!" Chiriku akawahi. Wote wakanyanyuka.

Kobe akawakingia njia. "Ndugu yangu, hilo ni neno la jana. Leo asubuhi kasema bwawa limekauka, tuchimbe penye mawe mekundu. Wewe ulikuwa wapi?"

"Nilikuwa naimba," Chiriku akanong'ona.

Nyati akachimba penye mawe mekundu. Maji yakamrukia hadi puani. Kobe akabebwa juu juu kwa vifijo, na desturi ikabadilishwa palepale: kiti cha Kasuku harithi aliyewahi kusema, hurithi aliyechelewa kuacha kusikiliza.