Pole ya Sikioni

Siku hizi wanaokaa mapokezi ya hospitali ya mifugo hawaruhusiwi kusema neno lao. Kidude cha sikioni kinawaambia la kusema, nao wanarudia.

Nilimpeleka mbuzi wangu Shungi, ambaye maziwa yake ndiyo yaliyomkuza mjukuu wangu Siwema. Mapokezi alikaa Siwema huyo huyo. Shungi akafia pale pale miguuni pangu.

"Pole, mteja wetu. Tunaelewa uchungu wako."

"Mteja wako nani, we mke mwenzangu? Mimi si bibi yako?"

"Pole, mteja wetu."

Jioni alirudi nyumbani, akakivua kidude, akakiweka kando ya sahani. Akaitazama kamba ya Shungi, akafumbua mdomo. Nikangoja neno lake, hata moja.

Akakichukua kidude, akakirudisha sikioni.