Njaa ya Mama Dafrosa

Tangu njaa ianze kuhamishiwa mtu mwingine kwa kibandiko cha shingoni, Mama Dafrosa hajaacha kufunga Kwaresima. Hali kitu kutwa nzima, lakini njaa anaisikia Skola, msichana wake wa kazi, ambaye hata akila sufuria nzima ya ugali hashibi. Jioni mama huyoo, anakwenda jumuiyani, midomo inang'aa mafuta ya kupaka, kuwasimulia majirani jinsi anavyoutesa mwili kwa ajili ya Bwana. Na vichwa vinatikiswa: hakika, huyu ni mtakatifu!

Asubuhi ya Pasaka alimwita Skola sebuleni.

"Haya, bandua. Kufunga kumekwisha."

Skola akakifunika kibandiko kwa kiganja. "Mama, naomba nibaki nacho."

"Umerogwa? Ubaki na njaa?"

"Njaa ikizidi, Mungu huja. Hukaa nami jikoni."

Mama Dafrosa akacheka kwa dharau. Mungu gani huyo wa kukaa na masufuria, makochi yapo! Hata hivyo akaenda kuufunga mlango, akarudi, akainama karibu.

"Na mimi huniulizia?"

Skola akatazama sakafu.

"Hajawahi kukutaja, mama."