Kanari wa Posa

Rogath alifunua kanga iliyofunika tundu akamkuta kanari amelala chali, miguu juu, kama mtu aliyezidiwa na pombe ya mbege.

"Wee! Usinifanyie hivyo."

Kanari alishafanya.

Rogath alikuwa mwongoza watalii. Aliwahi kumshusha mzungu wa kilo mia kutoka karibu kabisa na kilele, anatapika, anamlilia mama yake, na akamfikisha getini mzima. Leo kandege kanakoenea kiganjani kamemfia chumbani kwake mtaa wa Pasua, juu ya kabati, bila hata kukohoa. Na wala hakakuwa kake. Kalikuwa ka Mzee Anaeli wa Old Moshi, baba yake Aikande.

Aikande ndiye hasa aliyekuwa anatafutwa hapa. Mzee Anaeli, mzee wa kanisa, Mlutheri tangu tumboni, alipopelekewa habari za posa na kijana Mkatoliki kutoka Rombo, hakukataa. Alitabasamu, akaingia ndani, akatoka na tundu.

"Naenda Arusha kwa kijana wangu, wiki mbili hivi. Nitunzie huyu. Mtu akishindwa na ndege, binti yangu wa kilo themanini atamweza?"

Nyuma ya nyumba ndege walikuwa wanaimba kwa fujo. Rogath hakuwajali, kihamba chenye migomba hakikosi ndege.

Huyu wa kwenye tundu hakuimba. Alikuwa na manyoya ya njano yaliyopauka, miguu ya magamba, jicho moja jeupe, na doa jeusi kwenye bawa la kushoto.

"Praygod wa Marangu, aliyeniposa kabla yako, alimrudisha anaimba vizuri tu," Aikande alimnong'oneza getini. "Baba akasema atafikiria. Mpaka leo anafikiria."

Basi Rogath akajitoa. Alimpepetea ulezi, akamkatia mchicha, akamchemshia yai, akamwekea maji ya kuoga ambayo ndege mwenyewe hakuyagusa. Tundu lilikaa mbali na upepo na moshi wa jiko, na usiku likafunikwa kanga ya dada yake. Yeye alikula ugali na dagaa ili ndege ale yai. Shukrani yake ndiyo hiyo, miguu juu!

Angeweza kumpigia mzee simu na kusema ukweli. Wazo hilo lilidumu mpaka alipomaliza kufunga kamba za viatu, kisha akapanda gari la Tarakea.

Tarakea ni mpakani, na ukikikosa kitu pale, basi hakijaumbwa. Sokoni akaelekezwa kwa Wenseslaus, muuza ndege, aliyekuwa amekaa mbele ya turubai anatafuna muwa.

"Natafuta kanari," Rogath alisema. "Dume, wa njano, mwenye..."

"Doa jeusi. Bawa la kushoto."

"Umejuaje?"

"Ndio wanaotoka sana siku hizi."

Wenseslaus akaingia nyuma ya turubai, akakaa huko kidogo, akatoka na kanari kijana, macho yote mawili yanang'aa, doa mahali pake.

"Asioge mpaka kesho," akasema.

Rogath alikuwa na furaha mno, hakuuliza kwa nini.

Mzee Anaeli aliporudi, alimkuta kijana sebuleni kwake, suti imempwaya, tundu liko mapajani, na ndege anaimba utadhani analipwa.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Naona anaimba."

"Amenizoea, baba."

Mzee akavaa miwani, akasogeza uso karibu na nyaya. "Na miguu imelainika."

"Nilimpaka mafuta ya nazi."

"Ehee. Na lile jicho lililokuwa halioni?"

Aikande, aliyekuwa anamimina chai, aliendelea kumimina mpaka kikombe kikafurika.

"Nilimnyunyizia maji ya baraka," Rogath akasema.

"Wakatoliki," mzee akasema polepole. Akaingiza mkono ndani ya tundu, akapapasa bawa la kushoto. Akakitazama kidole chake. Akatoa leso, akajifuta, akairudisha mfukoni, na Rogath akajua amekwisha, harusi hakuna, Aikande hakuna.

"Umemtunza vizuri, kijana. Vizuri sana. Niachie, nifikirie."

Rogath nusura ambusu. Aliteremka kwenda mjini anapiga mluzi, anasalimia kila aliyekutana naye, mbuzi wakiwemo. Moyoni alishachagua hadi mshereheshaji.

Mzee Anaeli akabeba tundu mpaka banda la nyuma. Mlango ulipofunguka kelele zikamlaki: kanari vijana tele, wa njano watupu, wanaimba kwa kupokezana, na kila mmoja ana doa bawa la kushoto, mengine yameshaanza kufutika. Akamwachia mgeni ajiunge na wenzake. Kisha akainama kwenye kona, alikobaki kikongwe mmoja, magamba mpaka magotini, anahema kwa shida. Akamchukua kwa upole, akamtia kwenye tundu lililobaki tupu.

Aikande alikuwa amesimama mlangoni, mikono kiunoni.

"Baba, huyu Rogath nampenda kweli. Mimi nitaolewa lini?"

"Huyu ndiye ndege mzee wa mwisho, mwanangu. Vumilia kidogo tu." Akafungua kopo la dawa ya viatu. "Nani mwingine anakusumbua kwenye simu?"

Aikande akashusha pumzi, akatazama simu yake.

"Yupo Herbert, daktari wa mifugo."

"Huyo hapana," mzee akasema, huku akimpaka kikongwe doa kwenye bawa la kushoto. "Huyo atamponya."