Mashine ya Vumbi kwa Zulia la Wakwe

"Inyanyue zaidi," Herménégilde aliamuru kutoka ng'ambo ya barabara.

Mama Charlotte, mwenye duka, akaiinua aspirateur, mashine ya kuvuta vumbi, mpaka usawa wa kichwa chake. Malori yaliyokuwa yakielekea mpaka wa Burundi yalipita katikati yao, yakaacha vumbi la kuishughulisha mashine ile mwaka mzima. Vumbi lilipotulia, mzee alitikisa kichwa.

"Ya kijivu hapana. Kutoka hapa inafanana na sufuria."

Akavuka barabara, mikono nyuma, kama alivyozoea kupita kati ya madawati. Kwa miaka thelathini na saba alikuwa amewafundisha watoto wa Kavimvira hesabu, sarufi na unyofu, na katika masomo hayo matatu hakuwahi kumsamehe mtu hata nukta moja.

Jumamosi binti yake Délice angeolewa na Toussaint. Kama desturi ilivyotaka, vyombo vya bibi harusi vingepakiwa juu ya lori la wazi, vikapitishwa polepole mbele ya macho ya mji mzima mpaka kwa wakwe, na huko msemaji wa sherehe angekitaja kimoja kimoja kwa kipaza sauti. Godoro, masufuria, mabeseni na cherehani vilikuwa tayari. Tatizo lilikuwa zulia.

Zulia hilo walilikuta sebuleni kwa Gaspard, baba yake Toussaint, siku ya posa. Lilikuwa jekundu, nene, la kumeza mguu mpaka kifundoni. Wageni waliombwa wavue viatu. Kisha waliombwa wakale chakula chao uani, kwa sababu ya upepo mzuri, ingawa siku hiyo hapakuwa na upepo.

"Hili halifagiliwi na ufagio," alisema Capitoline, mama mwenye nyumba. "Liko na mashine yake. Sijui kama kule kwenu watoto wanafundishwa mashine."

Gaspard alikohoa, akatazama dari.

 Mama Délice alipofika nyumbani alifagia ua mara tatu, kisha akamwambia mumewe kwamba mtoto wao akiingia nyumba ile na ufagio, ataitwa mshamba mpaka meno yamtoke. Na Herménégilde, aliyeweza kuvumilia njaa, vita na ukaguzi wa shule, hakuweza kuvumilia hilo.

Ndiyo sababu sasa walikuwa dukani.

"Hii ya bluu iko na nguvu, Papa Mwalimu," alisema Mama Charlotte. "Inavuta hata mchanga. Kamba yake iko na mita saba."

"Kamba haionekani juu ya lori."

"Na umeme nao hauonekani mu nyumba," Mama Délice akadakia. "Toka Jumanne."

Kwa hiyo hakuna aliyeomba mashine ijaribiwe.

"Hii ya bluu, nani amekwisha kuiona?" aliuliza mzee.

"Ilipita Kalundu mwezi uliopita. Batu balipiga makofi."

"Gaspard ana ndugu Kalundu?"

"Nusu ya Kalundu ni ndugu zake."

"Irudishe ndani."

Ikatolewa ya mwisho. Hiyo ilikuwa kubwa kuliko zote, ya rangi ya machungwa, yenye mdomo mrefu kama wa mnyama mwenye kiburi. Juu ya katoni palikuwa na picha ya mama wa Kizungu akilichekea zulia lake, jambo ambalo Herménégilde aliliona kuwa dalili ya kukosa kazi. Alivuka barabara kwa mara ya nne. Akaitazama kwa jicho moja, kisha kwa yote mawili. Hata mwendesha baiskeli aliyekuwa akipita aligeuza shingo, nusura aingie mtaroni.

"Hiyo," alisema mzee.

Pembe moja ya katoni ilikuwa imefungwa kwa karatasi ya gundi. Aliikagua kwa ukali aliokuwa akikagulia daftari chafu, akaamua kwamba upande huo ungemwelekea dereva.

"Weye umeichagua hii kuliko ulivyomuchagua mukwe wako," mkewe alimchokoza.

"Mkwe alijichagua mwenyewe. Hii ilihitaji akili."

"Na Délice akiambiwa aitumie?"

"Bibi harusi hagusi kazi siku mbili za kwanza."

"Na siku ya tatu?"

"Siku ya tatu itaharibika," alijibu Herménégilde, pasipo kupepesa jicho. "Fundi wa mashine hizi yuko mbali, Bujumbura. Mambo kama hayo huwapata hata watu wenye heshima."

Mama Délice alimtazama mumewe kama mtu anayemwona kwa mara ya kwanza, na kwa mara ya kwanza baada ya wiki nyingi, akacheka. Picha ilikuwa imekwisha kukaa machoni pake: lori, godoro, na juu ya godoro ile rangi ya machungwa, na Capitoline mlangoni, akitafuta neno la kusema asilipate.

Mzee akafungua mfuko wa koti, akatoa kadi yake ya mpiga kura, akamkabidhi Mama Charlotte kwa mikono miwili. Mwenye duka akaitia ndani ya droo, juu ya kadi za wengine.

"Jumatatu saa mbili nakuja kuichukua mashine, Papa Mwalimu, batu ba Lubarika bako na harusi yabo," alisema huku akisukuma droo. "Wala usihangaike kutafuta gari, langu litakuwa kule kule kwa Gaspard, maana safari hii naye amelikodi lile zulia kwangu mpaka Jumatatu."