Mlinzi wa Digidigi

Enzi zile wanyama walipocheza mpira wa kubeba, ambapo mmoja hukimbia na mpira na wenzake humkinga, Digidigi ndiye aliyekuwa mbebaji wa timu ya bondeni, na msimu uliopita Fisi wa timu pinzani walimvunja mguu. Sasa ilibidi apatikane mlinzi wa kusimama mbele yake, na kwa desturi ya bondeni, waliochagua ni mashabiki.

"Kifaru!" alifoka Nyani. "Mwili ule nani ataupita?"

"Kifaru haoni mbali! Mchukueni Nyati!" alijibu Kanga, na manyoya yakaanza kuruka.

Digidigi aliwasikiliza. Wenzake walibishania uzito; yeye aliuwaza mguu wake.

Nyani akashinda kwa kelele. Kifaru akaingizwa uwanjani, akasimama mbele ya Digidigi ajaribiwe na Fisi wawili. Wa kwanza alipomchokoza tu, Kifaru akamtimua hadi mtoni, vumbi likatanda, mashabiki wakalipuka kwa shangwe. Hakuna aliyemwona Fisi wa pili akipenya pale palipoachwa wazi.

Digidigi alimwona.

Nungunungu, aliyekuja kutazama tu, akajitupa katikati yao, akampa Fisi mgongo, akasimamisha miiba. Fisi akafunga breki, pua inavuja damu.

"Aibu!" alizomea Nyani. "Mlinzi gani anampa adui mgongo?"

"Huyu huyu ndiye ninayemtaka," alisema Digidigi. "Kifaru alikuwa anamtazama Fisi, na nyinyi mlikuwa mnamtazama Kifaru. Huyu alikuwa ananitazama mimi."