Mzinga wa Sita

Hyasinta alinunua mzinga wa sita huku ananyonyesha.

Mektilda kwenye titi, simu mkono wa kulia, mgongo ameuegemeza kwenye rundo la nguo za watoto ambazo alikuwa hajazitundika. Soko la Mchikichini lilikuwa limeshachangamka. Wateja walipita wakiuliza bei, naye akawajibu bila kuinua macho. Ofa ya mchezo wa vita wa kwenye simu ilikuwa inaisha saa sita mchana. Mzinga mkubwa, nusu bei. Akabonyeza.

Kila alipobonyeza alisikia ile sauti.

Ilikuwa sauti ya Anuari, muuza simu wa Kariakoo, nahodha wa kikosi chao cha meli za anga. Kikosi kilikuwa cha vijana wa madukani, mwanamke alikuwa Hyasinta peke yake. Mwanzoni mwa wiki hiyo, vita ilipokolea, Anuari alimwambia akae langoni, asiondoke, yeye angekuja kumfunika. Hyasinta akakaa. Anuari akatorokea upande wa pili, maadui wakaishukia meli ya Hyasinta iliyobaki peke yake.

Meli ile Hyasinta aliijenga kipindi chote cha ujauzito, daktari alipomwamuru alale tu. Aliipa jina la mtoto kabla mtoto hajazaliwa. Iliungua, ikabaki bodi tupu, injini, na kale kamzinga ka bure anakopewa kila anayeanza.

Kesho yake Anuari akarusha sauti kwenye kundi: "Jamani, Mama Meki tumwache anyonyeshe. Meli siyo beseni la kuogeshea mtoto." Akaiweka na kwenye spika ya dukani, ile ya kuitia wateja. Hyasinta alikuwa anapita pale na mtoto mgongoni. Mtaa mzima ulicheka.

Hakulia. Aliuza, akapika, akamwimbia mwanawe mpaka akasinzia. Kisha akaandika kwenye kundi kwamba anamtaka nahodha, mtu kwa mtu. Mchezo unaruhusu. Anayeshinda anachukua kikosi. Anayeshindwa, meli yake inavunjwa vipande na jina lake linafutwa.

"Njoo Jumamosi dukani, naweka kwenye TV kubwa," Anuari alimjibu huku anacheka. "Ila ofa ya wiki hii usiilalie, mama. Kazi yako iko palepale. Vya punguzo tu, vito vyetu visije vikaisha."

Maana mnunuzi wa kikosi alikuwa Hyasinta. Yeye ndiye aliyenunua vifaa kwa vito vya wote, zile pesa za mchezo, na yeye ndiye aliyevifunga kwenye meli za wenzake. Walimpa kazi hiyo kwa sababu ya Mchikichini. Pale sokoni, anayeenda kuchagua belo la mitumba huwachagulia na wenzake, hata yule waliyetukanana naye jana. Ukimletea mwenzio belo bovu mara moja tu, hakuna atakayekutuma tena. Kwa hiyo hakuna anayekagua. Hyasinta hakuwahi kumletea mtu belo bovu, na leo pia hakutaka kuanza. Kila alichokinunua kilikuwa kizima, gredi ya kwanza. Mizinga sita. Deraya nene ya kuzuia makombora mbele, deraya nene nyuma, deraya mbavuni.

Anifa, jirani yake wa meza, alisogea na sufuria ya maandazi akachungulia.

"Shoga, hiyo meli itageuka kweli na mzigo wote huo?"

"Itageuka. Taratibu."

"Na hiki kimstari chekundu?"

"Umeme. Unaonyesha hautoshi."

"Sasa si ununue cha umeme?"

"Kinu cha umeme hakina punguzo. Nimeambiwa vya punguzo tu."

"Umeambiwa na nani?"

Hyasinta alimhamishia mtoto titi la pili. "Nipe andazi moja, shoga. Na Jumamosi unisindikize."

Jumamosi Anuari alikuwa ameshaita watu kwa spika. Walijaa mpaka kwenye ngazi za duka: wabeba mizigo, wauza chaja, dada wa mgahawa na aproni yake. Hyasinta akaingia na mtoto mgongoni, Anifa nyuma yake.

"Mama Meki, mambo?"

"Poa, kaka."

"Ofa umeimaliza?"

"Nimeimaliza. Sijabakiza kitu."

"Safi sana. Halafu leo usije ukaniomba ruhusa ya kwenda kubadilisha nepi." Watu wakacheka. Akakaa kwenye kiti chake cha kuzunguka, Hyasinta akakaa kwenye kreti la soda. Kila mmoja akainamia simu yake.

Kwenye TV lango likafunguka, meli mbili zikatoka. Moja ilikuwa inang'aa kila upande, mizinga sita imetokeza kama meno, na mbeba mizigo mmoja akapiga mluzi. Nyingine ilikuwa kadude, kepesi, kanapepesuka.

Anifa alipiga makofi ya furaha. Ile inayong'aa ikajaza mizinga yote kwa pamoja, ikaanza kugeuka. Ikageuka kidogo. Ikageuka kidogo tena. Kale kadude kakaizunguka kama nzi. Taa za ile kubwa zikaanza kufifia ubavuni, moja, ya pili, kisha safu nzima.

Watu wakasogelea TV.

Anifa akamshika bega, akanong'ona: "Shoga, mbona meli yako inazimika?"

Hyasinta hakuinua macho. Aliisukuma khanga vizuri isimfunike mtoto uso, kisha akaweka kidole gumba juu ya kitufe cha kufyatulia.

"Hiyo ni ya Anuari," alisema. "Ya kwangu ni hiyo ndogo, iliyokaa nyuma yake."